Kuongeza kasi ya prosesa kwa kipoozeo cha hewa: njia tatu, na ipi inakufaa wewe

Una kompyuta ya mezani, prosesa yake haijafungwa kizidisho (namba inayoamua kasi yake), juu yake kumekaa kipoozeo cha hewa chenye feni moja au mbili, na unahisi kuna kasi imelala humo ndani. Ukiuliza namna ya kuiamsha utapewa majibu matatu yanayogongana. Wa kwanza atakwambia legeza mipaka ya umeme kisha iache prosesa ijipandishe yenyewe. Wa pili atakwambia punguza volteji, jambo linaloonekana kinyume kabisa na ulichotaka. Wa tatu, mara nyingi mkongwe wa fani, atakwambia funga kasi moja kwa viini vyote (sehemu za prosesa zinazofanya hesabu) kama ilivyokuwa ikifanywa tangu zamani. Hakuna anayekudanganya. Kila mmoja anaizungumzia mashine yake.

Zamani swali hili halikuwa gumu hivi. Mwaka 1998 watu walichukua Celeron 300A ya megahezi 300, wakapandisha basi ya mfumo (kasi ya msingi inayozidishwa kupata ya prosesa) kutoka megahezi 66 hadi 100, na prosesa ikakimbia kwa 450. Nyongeza ya nusu nzima. Hata mwaka 2011, Core i5-2500K iliyotoka kiwandani ikiwa na kilele cha gigahezi 3.7 ilifikishwa 4.5 na watu wengi tu, kwa kipoozeo cha hewa cha kawaida. Kiwanda kilikuwa kikiiwekea prosesa akiba kubwa bila kuitumia. Siku hizi akiba hiyo kiwanda kinaila chenyewe: prosesa inajipima joto, umeme na mzigo muda wote, kisha inapanda hadi pale inaporuhusiwa. Tulichobakiziwa ni makombo, na njia hizi tatu zinatofautiana katika namna ya kuyaokota.

Tuanze na hesabu ya joto

Ukipooza kwa hewa, swali la "nifike gigahezi ngapi" linakuja la pili. La kwanza ni "nina nafasi ya joto kiasi gani, na niitumie wapi".

Umeme unaoliwa na prosesa ikiwa kazini, ambao wote huishia kuwa joto, hupanda sawia na kasi, lakini hupanda kwa kipeo cha pili cha volteji. Tuchukue prosesa ya mfano inayokwenda gigahezi 4.6 kwa volti 1.20 na kula wati 120. Chumba kina nyuzi 25, prosesa inasoma 75, yaani tofauti ya nyuzi 50. Sasa unataka 4.8, na ili itulie hapo inakudai volti 1.30. Kasi imeongezeka kwa asilimia 4 na kitu. Umeme umefika kama wati 147, ongezeko la asilimia 22. Tofauti ya joto inapanda kwa kiasi hichohicho hadi nyuzi 61, na prosesa inasoma 86. Mchana chumba kikifika nyuzi 32, itasoma 93. Na hapo sijaweka umeme unaovuja ndani ya silikoni (chipu yenyewe), ambao nao huongezeka joto linapoongezeka.

Geuza hesabu. Acha kasi palepale 4.6, shusha volteji hadi 1.12. Umeme unaanguka hadi wati 105 hivi na prosesa inasoma 69. Kasi hujapoteza hata kidogo, joto limepungua nyuzi sita. Kumbuka hesabu hii, maana mabishano yote ya njia tatu yamo ndani yake.

Vipoozeo vya hewa vyenyewe havidharauliki. Kile cha minara miwili, mirija ya shaba sita na feni mbili, mfano wa Noctua NH-D15 au Thermalright Peerless Assassin 120, kinabeba mzigo ambao watu hudhani ni wa kipoozeo cha maji pekee. Lakini kuna ukuta ambao ukubwa wa kipoozeo hauuvunji: safari ya joto kutoka kwenye silikoni, kupita kifuniko cha chuma, hadi msingi wa kipoozeo. Silikoni za kisasa ni ndogo na zimebana joto mahali padogo. Ukigusa mapezi ya kipoozeo ukayakuta vuguvugu tu ilhali prosesa inasoma 95, tatizo halipo kwenye mapezi. Kwanza fungua uangalie kama pesti ya kupitishia joto imeenea na skrubu zimebana sawa pande zote. Kama viko sawa, ujue umefika ukutani, na feni ya tatu haitakusogeza.

Vigezo nitakavyotumia

Kila njia nitaiangalia kwa mambo manne. La kwanza ni joto na kelele, kwa sababu feni inayolia usiku kucha ni gharama halisi hata kama namba ni nzuri. La pili ni faida, na hapa natenganisha kazi za viini vyote (kutoa video, kukusanya (kukompaili) programu kubwa, picha za 3D) na kazi za kiini kimoja au viwili (gemu nyingi, kuvinjari, kazi za ofisini), maana njia inayosaidia huku yaweza kukuumiza kule. La tatu ni hatari: uthabiti wa mashine, na maisha ya prosesa yenyewe. La nne ni muda na subira inayotakiwa. Kisha nitasema inamfaa nani.

Kuna mambo ya maandalizi yasiyobadilika kwa njia yoyote. Hakikisha mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, inaruhusu: kwa Intel unahitaji prosesa yenye herufi K kwenye jina pamoja na chipseti (chipu ya mazabodi) ya Z ili kupandisha kizidisho, kwa AMD, prosesa nyingi za Ryzen ziko wazi lakini chipseti za A, kama A320 na A520, haziruhusu. Sasisha BIOS, programu ya mazabodi yenye mipangilio yake. Jua mahali pa kufuta kumbukumbu ya CMOS, inayohifadhi mipangilio hiyo, kabla hujahitaji kuifuta. Nakili faili zako kwingine, kwa sababu prosesa isiyo thabiti haigandi tu, yaweza pia kuandika data mbovu kwenye diski kimyakimya. Na RAM iache kwenye mpangilio uliokwisha kuthibitika; ukigusa RAM na prosesa kwa pamoja, hitilafu ikitokea hutajua umshike nani.

Halafu pima hali ya kuanzia. Endesha Cinebench R23 (programu ya kupima nguvu ya prosesa) kwa dakika kumi huku HWiNFO (inayoonyesha joto, wati na kasi) iko wazi, uandike alama, joto la juu, wati, na joto la chumba. Wengi hurukia BIOS bila karatasi hii, kisha jioni wanajisifia nyongeza ambayo haipo.

Njia ya kwanza: kulegeza mipaka, prosesa ijipandishe

Kwa AMD njia hii inaitwa Precision Boost Overdrive, PBO kwa kifupi. Kwa Intel ni kupandisha mipaka ya PL1 na PL2, yaani wati za muda mrefu na za muda mfupi. Volteji huigusi. Unaiambia prosesa tu kwamba inaruhusiwa kula umeme zaidi, nayo inafuata jedwali lake la kiwandani la volteji na kasi.

*Joto na kelele.* Hapa ndipo kasoro yake kubwa ilipo. Prosesa iliyolegezewa mipaka hula kila unachoiwekea. Ryzen 7000, kwa mfano, zimetengenezwa zipande hadi nyuzi 95 na kukaa hapo chini ya mzigo mzito, na kiwanda kinasema hiyo ni hali ya kawaida. Sawa, lakini feni za mnara wako hazijui kwamba ni kawaida, zitalia. Dawa ni kutumia mpangilio ambao wengi hawaugusi: ndani ya PBO kuna kikomo cha joto unachoweza kukiweka mwenyewe. Weka 85. Prosesa itapanda hadi hapo na kujizuia, na mara nyingi tofauti ya alama ni ndogo kuliko unavyohofia.

*Faida.* Inategemea sana prosesa ilifungwa kiasi gani. Ryzen 5 7600 huja na kikomo cha wati 88. Ukiipa 120 itakuwa na pa kupumulia kwenye kazi za viini vyote. Lakini Ryzen 9 7950X tayari huja na wati 230, na Core i9-13900K wati 253. Ukivilegeza hivyo kwa kipoozeo cha hewa unachoongeza ni joto, kwa sababu kipoozeo kilikwisha kufika mwisho kabla ya mipaka. Kwa kazi za kiini kimoja faida ni karibu na sifuri, isipokuwa uongeze pia ruhusa ya kilele. PBO hukuruhusu kuongeza hadi megahezi 200, na si kila prosesa hufika.

*Hatari.* Uthabiti ndio nguvu ya njia hii. Kwa kuwa jedwali la volteji ni la kiwandani, mashine huganda mara chache sana. Maisha ya prosesa ni suala jingine. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa zake za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zinaharibika kwa sababu ya kuomba volteji ya juu kupita kiasi, na mwezi Agosti ikatoa marekebisho ya maikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa) yenye namba 0x129 yaliyoweka kikomo cha volti 1.55. Marekebisho hayo hayakuponya zilizokwisha kuumia. Kwa hiyo kama unayo mojawapo ya prosesa hizo za juu, usianze kulegeza kitu kabla ya BIOS mpya. Jambo jingine la upande: kipoozeo cha mnara hupuliza hewa sambamba na mazabodi, kwa hiyo sehemu inayogawa umeme kuzunguka soketi haipati upepo wake. Kwenye mazabodi ndogo isiyo na vipande vya chuma vya kupooza sehemu hiyo, iangalie kwenye HWiNFO pia, si prosesa peke yake.

*Muda.* Dakika tano ndani ya BIOS, na saa moja ya kupima.

*Inamfaa* mwenye prosesa ya wati chache na kipoozeo kikubwa kuliko mahitaji yake, asiye na hamu ya kushinda wikendi nzima akiwasha na kuzima.

Njia ya pili: kupunguza volteji

Kila prosesa hutoka kiwandani na volteji ya ziada, kwa sababu kiwanda kinaweka kiwango kitakachotosha hata kwa kipande dhaifu kuliko vyote kilichopita ukaguzi. Chako pengine si hicho dhaifu. Ukiiondoa ziada hiyo, joto linashuka, na prosesa inayojipandisha yenyewe ikiona nafasi ya joto inapanda zaidi. Hivyo ndivyo kupunguza kunavyogeuka kuongeza.

Kwa AMD chombo ni Curve Optimizer, kilichokuja na Ryzen 5000 mwaka 2020. Unaweka namba hasi, na kila hatua moja ni kama milivolti 3 hadi 5. Kwa Intel unaweka punguzo la volteji kwa milivolti moja kwa moja, ingawa baadhi ya prosesa zisizo na K zimefungiwa lisiwezekane.

*Joto na kelele.* Hakuna njia inayoishinda hapa. Ni hesabu ile ya mwanzo, nyuzi sita au zaidi bila kupoteza kasi, na feni zinashuka hadi unaanza kuisikia diski. Kwa vipoozeo vidogo vya mnara mmoja naona ndiyo njia pekee yenye maana.

*Faida.* Kazi za viini vyote hupanda kiasi, na za kiini kimoja nazo hupanda kidogo, jambo ambalo njia nyingine mbili haziliwezi kwa pamoja. Ila angalia mtego. Prosesa ikipewa volteji ndogo mno, yaweza kuonyesha gigahezi 5 kwenye skrini huku ndani inaruka mapigo ili isianguke, na kazi inayofanyika ni pungufu. HWiNFO ina mstari wa kasi halisi ulio tofauti na mstari wa kasi inayoonyeshwa. Kasi halisi ndiyo ya kuamini, pamoja na alama za Cinebench. Kwenye baadhi ya mazabodi za Intel kuna ulinzi unaofanya jambo linalofanana na hilo ukipunguza volteji kupita kiasi. Joto limeshuka na alama zimeshuka? Hujaokoa kitu, umeipunguzia mashine kazi.

*Hatari.* Kwa maisha ya prosesa, hakuna njia salama kuliko hii. Volteji ndogo haiunguzi kitu. Kwa uthabiti, hii ndiyo njia yenye hila kuliko zote, na hapa naomba nikae kidogo.

Nilipoanza niliweka hasi 30 kwa viini vyote, nikaendesha Prime95 (programu ya kuipa prosesa mzigo mzito) usiku kucha, asubuhi nikaikuta inakwenda bila kosa hata moja. Nikafurahi. Siku mbili baadaye mashine ikajiwasha upya nikiwa sifanyi lolote, ukurasa mmoja tu umefunguka na mkono haupo hata kwenye kipanya. Kesho yake tena. Nilishuku pawa saplai, nikashuku RAM, nikafungua kasha mara tatu. Kumbe kosa halikuwa kwenye mzigo mzito, lilikuwa kwenye mzigo mwepesi. Viini vyote vikifanya kazi kwa pamoja, kasi iko chini na volteji inatosha. Mashine ikiwa karibu imelala, kiini kimoja huruka peke yake hadi kilele, na kilele ndicho kinachodai volteji uliyoiondoa. Prime95 ya viini vyote haifiki huko kamwe.

Kwa hiyo njia hii hupimwa kiini kwa kiini. Programu inayoitwa CoreCycler hufanya hivyo: huendesha jaribio kwenye kiini kimoja, kisha cha pili, na kukwambia kipi kimekosea. Iache usiku mzima. Mashine ikijiwasha upya, tazama kumbukumbu za matukio za Windows, tafuta WHEA-Logger, inayorekodi hitilafu za vifaa. Tukio hilo hutaja namba inayokusaidia kujua ni kiini kipi kilichoanguka. Utagundua jambo la kushangaza kidogo: viini bora, vile Ryzen Master (programu ya AMD) inavyoviwekea alama, ndivyo vinavyokubali punguzo dogo zaidi, kwa sababu kiwanda kilikwisha kuvibana. Hasi 10 kwa viini hivyo viwili na hasi 20 au 25 kwa vilivyobaki ni mahali pazuri pa kuanzia, si mahali pa kumalizia.

*Muda.* Usiku kadhaa. Si kazi yako wewe, ni kazi ya mashine, lakini lazima uwe na subira ya kurudi asubuhi na kurekebisha kiini kimoja tu.

*Inamfaa* anayetaka ukimya na kasi pamoja, mwenye chumba chenye joto, mwenye kipoozeo kidogo, na mwenye prosesa kubwa inayogonga kikomo cha joto hata bila kuguswa.

Njia ya tatu: kufunga kasi moja kwa viini vyote

Hii ndiyo ovakloki, yaani kuongeza kasi, ya asili. Unaandika kizidisho, sema 46, ambacho kikizidishwa na megahezi 100 kinatoa gigahezi 4.6, unaandika volteji, unapima, ikianguka unaongeza volteji kidogo au unashusha kizidisho.

*Joto na kelele.* Unajua kabisa unachopata, na hilo si jambo dogo. Joto halirukiruki, feni hazipandi na kushuka kila sekunde. Lakini kiwango chenyewe ni cha juu, kwa sababu volteji moja inavihudumia viini vyote, na kamba hukatikia pabovu: kiini dhaifu kuliko vyote ndicho kinachoamua volteji ya wenzake saba waliokuwa hawaihitaji.

*Faida.* Kwa prosesa za zamani zisizojua kujipandisha vizuri, bado ni mfalme. Ryzen 7 1700 ya mwaka 2017 ina kasi ya msingi ya gigahezi 3.0; wengi waliifunga 3.8 kwa kipoozeo cha hewa, na tofauti kwenye kutoa video inaonekana bila kutafuta saa ya kupimia. Kwa prosesa mpya hesabu inageuka. Ryzen 9 5950X hupanda yenyewe hadi 4.9 kwa kiini kimoja. Ukiifunga 4.5, kazi za viini vyote zinaweza kupata kidogo, lakini kazi za kiini kimoja zimepoteza asilimia 8. Mtu anayecheza gemu akifanya hivyo amejirudisha nyuma kwa juhudi zake mwenyewe. Intel za K zina unafuu hapa, kwa kuwa unaweza kuandika kizidisho tofauti kulingana na idadi ya viini vilivyo kazini, na hapo unakuwa umetoka kidogo kwenye njia ya tatu safi.

*Hatari.* Volteji uliyoiandika wewe ndiyo inayokwenda, na prosesa imepoteza sehemu ya busara yake ya kujilinda. Itajizima ikifika joto la hatari, ndiyo, lakini uchakavu wa polepole hauonyi. Utauona baada ya miezi, pale mpangilio uliokuwa thabiti unapoanza kudai volteji zaidi. Kwa silikoni zilizotengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 14, volti 1.35 ndicho kiwango ambacho wengi hawakukivuka kwa matumizi ya kila siku na hewa. Kwa nanomita 7 na chini yake nisingependa kuifunga juu ya 1.25 kwa mzigo wa viini vyote. Usichanganyikiwe ukiona Ryzen isiyoguswa inasoma 1.4 na kitu: hiyo ni ya kiini kimoja, kwa kitambo kifupi, mkondo ukiwa mdogo.

Kuna mpangilio mmoja wa BIOS unaoponza wengi, nao ni LLC, unaoamua volteji ishuke kiasi gani mzigo ukiingia. Mtu akiona imeshuka kutoka 1.30 hadi 1.26 anaudhika, anapandisha LLC hadi mwisho. Mstari unanyooka kwenye skrini, lakini mzigo unapotoka ghafla volteji huruka juu kwa muda mfupi mno ambao programu haiwezi kuuona. Chagua kiwango cha katikati, iache ishuke kidogo. Ndivyo ilivyokusudiwa.

*Muda.* Jioni moja kupata kasi, siku mbili kuithibitisha. Jaribio lake ni rahisi kuliko la njia ya pili, kwa sababu hapa mzigo mzito ndio adui wa kweli: dakika kumi za Cinebench kwa kuchuja haraka, kisha saa moja au zaidi ya OCCT (programu nyingine ya mzigo mzito) au Prime95 kwa jaribio lake la Small FFTs. Hiyo ya mwisho hutoa joto ambalo kazi zako za kawaida hazitalifikia. Ukiona inapita 90, isimamishe ushushe volteji, usiisubiri ikithibitishie ujasiri wako.

*Inamfaa* mwenye prosesa ya zamani kidogo, anayetoa video au picha za 3D kwa masaa, na anayependa kazi yenyewe. Hilo la mwisho silidharau. Kuna raha katika kuijua mashine yako kizidisho kwa kizidisho, na hakuna jedwali la alama linaloipima.

Kwa njia zote tatu, AMD na Intel zinasema uharibifu unaotokana na kupita mipaka ya kiwandani haumo kwenye dhamana, na PBO nayo inahesabiwa humo ingawa ni kitufe chao wenyewe.

Sasa chagua kwa hali yako

Ukiwa mcheza gemu mwenye Ryzen 5000 au mpya zaidi, anza na njia ya pili, kisha uongeze ruhusa ya kilele kutoka njia ya kwanza kwa megahezi 100 au 200. Zinaoana vizuri, na watu wengi huishia kwenye mchanganyiko huo. Njia ya tatu itakupunguzia fremu.

Kama prosesa yako ni miongoni mwa zile za X3D (Ryzen zenye kache, yaani kumbukumbu ya haraka ya ndani, kubwa zaidi), soma kwanza aina yake. Ryzen 7 5800X3D na 7800X3D zimefungwa kizidisho, kwa hiyo njia ya tatu haipo. 9800X3D iko wazi, lakini kache yake kubwa ndiyo inayofanya kazi kubwa kwenye gemu, na megahezi chache za juu hazibadilishi mengi.

Ukitoa video kila siku kwa prosesa ya wati 65 iliyokaa chini ya mnara mkubwa, njia ya kwanza itakupa sehemu kubwa ya kilichopo kwa dakika tano. Weka kikomo cha joto, rudi kazini.

Kwa Core i7 au i9 ya kizazi cha 13 au 14 ningeacha mipaka kwenye mpangilio wa Intel, nisasishe BIOS, kisha nipunguze volteji kwa hatua ndogo nikitazama alama kila mara. Kuzifunga kasi ya juu kwa hewa ni mbio ambazo kipoozeo kimeshindwa kabla ya kuanza.

Prosesa ya zamani, ya enzi ya i5-2500K hadi Ryzen za kizazi cha kwanza, ipeleke njia ya tatu bila woga mkubwa. Ina nafasi ya kweli, na kama umri wake umekwisha, hasara ni ndogo. Angalia tu kwamba mazabodi na pawa saplai navyo vimezeeka pamoja nayo.

Ukiwa unaitegemea mashine kwa kazi ambayo kosa moja la hesabu lina madhara, kama rekodi za fedha au data ya utafiti, njia zote tatu ziache. Usipoweza kuacha kabisa, chukua ya kwanza kwa kiasi.

Na kama unatumia kipoozeo kidogo kilichokuja ndani ya boksi la prosesa, na bila kugusa chochote tayari unasoma nyuzi 90 chini ya mzigo, weka punguzo la hatua kumi kwa viini vyote, liendeshee CoreCycler usiku mmoja, upime tena. Hadi utakapobadilisha kipoozeo, mengine yote yasubiri.